Saa Nane za Angani

Habsa aliziamini saa nane kuliko kitu kingine chochote duniani, na kuziamini huko ndiko kulikommaliza.

Aliambiwa habari yake na Jirma mwenyewe, kijana aliyempenda, kwenye simu kutoka London, Jumanne mchana. Bisharo, rafiki wa Habsa tangu darasa la kwanza, alikuwa akifanya kazi ya kuunganisha simu pale posta ya Isiolo. Mkubwa wake alipokwenda kula, Bisharo aliagiza Habsa aitwe mbio. Habsa akafika akihema, buibui limemkaa upande, akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kumvuta mtu kupitia ule waya.

"Wamekuja kuniposa, Jirma," alisema. "Baba mdogo wake Hersi amekuja. Ako kwetu tangu juzi."

"Hersi gani?"

"Hersi wa huko huko kwenu London. Mtoto wa binamu ya Aabo. Mimi hata picha yake sijaona."

Simu ikakoroma. Habsa alidhani imekatika. Kisha sauti ya Jirma ikarudi, imekauka.

"Nakuja."

"Utakuja aje? Na masomo yako?"

"Masomo yangu ni ya visima. Maji imekaa chini ya ardhi miaka yote, itaningoja. Sikiliza, Habsa. Kesho usiku napanda ndege. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni maili elfu nne na kitu, lakini kwa ndege ni saa nane tu. Saa nane! Unalala huku, unaamka Embakasi. Alhamisi jioni nitakuwa mbele ya mzee wako, na wazee wangu nyuma yangu. Lakini wewe usimwambie kitu mpaka nifike. Ukianza kubishana na yeye atakasirika, atafunga mlango kabla sijaufikia. Nyamaza tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kabisa?"

"Wallahi, sitasema hata neno moja."

Bisharo, aliyekuwa akisikiliza kila kitu bila aibu yoyote, alimpigia makofi ya kimya kwa vidole viwili. Habsa alicheka huku akilia. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, na dereva mmoja wa lori la sukari akamtukana kwa Kisomali, na yeye akamjibu kwa salamu.

Msomaji asimcheke. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa amemngoja kijana huyu tangu walipokuwa wakitazamana kwenye duka la baba yake Habsa, Jirma akiwa mwanafunzi wa sekondari kutoka Sericho, mrefu, mwembamba, shati moja la shule likifuliwa kila jioni. Alikuwa akija kununua kiberiti. Hakuna mtu aliyewahi kununua viberiti vingi namna ile Isiolo nzima, naye hata sigara havuti. Siku moja Habsa alimuuliza, "Huko kwenu mnachoma nini?" Jirma akainua macho, akamtazama mpaka yeye akashindwa, akasema, "Mimi mwenyewe." Basi. Tangu siku ile Habsa hakuwa na raha, wala hakuitaka.

Lakini baba yake, Mzee Dualeh, ambaye Habsa alimwita Aabo, alikuwa mtu wa malori. Malori yake yalikwenda Moyale na Wajir, na babu yake alifika Isiolo akiwa na bunduki ya jeshi la Waingereza. Watu wake, Wasomali, waliozana wao kwa wao, iwe binamu yuko mtaa wa pili au yuko ng'ambo ya bahari. Jirma alikuwa Mborana, mtoto wa mchunga ngamia. Dini moja, msikiti mmoja, hata safu ya swala moja, lakini likija neno la ndoa watu huanza kuhesabu mababu. Serikali ilipompeleka Jirma London kusomea mambo ya maji, Mzee Dualeh alisema alhamdulillahi mbele za watu, na moyoni pia alisema alhamdulillahi, kwa sababu yake mwenyewe.

Alhamisi ikafika. Habsa aliamka akijua kwamba Jirma yuko juu, kati ya mawingu, anakuja. Alipokoroga unga wa anjera, mikate laini ya asubuhi, alifikiri, sasa ameshuka Embakasi. Alipofagia ua alifikiri, sasa yuko Thika, sasa Karatina. Alipoona Mlima Kenya umejifunua upande wa kusini, mweupe kileleni, alifikiri, sasa anauona kutoka upande wa pili. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya uwanja wao lilimsimamisha.

Baada ya swala ya alasiri baba yake alimwita sebuleni.

Mzee Dualeh alikuwa ameketi kwenye mkeka, kofia ya kufumwa kichwani, kikombe cha chai mbele yake. Kando yake alikuwepo kaka mkubwa wa Mzee. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani aliketi nyanya yake Habsa, Ayeyo, ambaye hakuwa akiona vizuri lakini masikio yake yalikuwa mazima. Habsa alikaa chini, akautazama mkeka.

"Habsa, mama," alisema baba yake. Sauti yake ilikuwa laini kuliko kawaida, mpaka Habsa akashangaa. "Hersi anataka kukuoa. Watu wake wamekuja kwa heshima. Unasemaje?"

Habsa alinyamaza. Masikio yake yalikuwa barabarani.

"Nakuuliza tena. Kama kuna kitu iko ndani ya roho yako, sema hapa. Mimi ni baba yako, mimi si askari."

Nje, gari lilipunguza mwendo. Habsa aligeuza uso kidogo kuelekea mlangoni. Gari likapiga honi, likaendelea na safari yake kuelekea Archer's Post.

Mzee Dualeh alingoja. Alingoja mpaka utando ukajikunja juu ya chai yake. Kisha akauliza mara ya tatu, taratibu, akimtazama binti yake usoni, "Habsa. Hersi. Unasema nini?"

Usimwambie kitu mpaka nifike. Habsa aliuma mdomo wake wa chini, akainamisha kichwa zaidi.

Nyuma ya pazia, Ayeyo akapiga vigelegele.

Hapo ndipo Habsa alipokumbuka. Alikuwa amefundishwa jambo hili madrasa, na Jirma naye alifundishwa kwenye chuo cha Sericho, kwenye ubao wa mbao na wino wa masizi: binti mwali akiulizwa habari ya ndoa, haya humfunga mdomo, na kimya chake ndicho idhini yake. Kila Mwislamu wa Isiolo alilijua, nadhani hata mbuzi wa sokoni walilijua. Lakini lilikuwa jambo la mabinti wa watu wengine, la mabinti wasiokuwa na mtu angani. Kijana alisahau kwa hofu, msichana akasahau kwa mapenzi, na hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna kitu kimesahauliwa.

Aliinua uso. Alifungua mdomo. Bado kulikuwa na nafasi, chai ilikuwa bado haijanywewa. Na hapo, Mungu amsamehe, alizifikiria zile saa nane. Alifikiri, ameshavuka bahari yote na jangwa lote, atashindwa na Nanyuki? Atafika sasa hivi. Atasema yeye, na atasema vizuri kuliko mimi. Basi akaufunga mdomo, na mama yake, Kinsi, akaingia akamkumbatia, akimlowesha bega kwa machozi ya furaha.

Usiku ule Jirma hakuja. Asubuhi hakuja.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Dualeh alikaa mbele ya shehe msikitini, akaushika mkono wa baba mdogo wake Hersi, aliyekuwa wakili wa mtoto wa kaka yake, na ndoa ikafungwa kati ya msichana aliyekuwa jikoni na mwanamume aliyekuwa London. Wanawake walimpaka Habsa hina mpaka kwenye viwiko. Akaambiwa kwamba pasi ya kusafiria itashughulikiwa, na kwamba mwezi haujaisha atakuwa kwa mume wake. "Ni saa nane tu," shangazi mmoja alimtuliza. "Siku hizi London ni hapa tu."

Bisharo aliingia alasiri ikielekea kuisha, akampenyezea neno sikioni akijifanya kumrekebishia shela.

"Amefika. Ako huko nyuma, kwa malori."

Uwanja wa malori ulikuwa nyuma ya nyumba, na upepo wa Isiolo ulikuwa ukivuruga vumbi kama kawaida yake ya mchana. Jirma alisimama kati ya lori lililotolewa magurudumu na rundo la tairi kuukuu. Alikuwa amekonda. Suti yake ya London ilikuwa na vumbi la nchi tatu. Aliposikia hatua aligeuka, na kwa muda mfupi sana uso wake ukawa ule wa zamani, uso wa mnunuzi wa viberiti. Kisha akaiona mikono ya Habsa.

"Nimechelewa?" aliuliza, na jibu alikuwa nalo.

Habsa alisogea hatua moja. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele yake.

"Lini?"

"Leo. Baada ya swala ya Ijumaa."

"Leo?" Jirma aliketi juu ya tairi. "Leo hii?"

"Ulisema saa nane, Jirma."

"Saa nane ni ya ile ndege inakuja moja kwa moja. Yangu haikuwa hiyo. Nilichukua ile niliweza kupata. Imepitia Cairo, imepitia Khartoum. Hapo Khartoum vumbi ikafunga kila kitu, hata bawa la ndege huoni. Tulikaa chini, Habsa. Tumekaa tu, watu wanalia joto, mimi nagonga mlango ya rubani kama mwendawazimu. Hewani nilikuwa sawa. Ni chini ndiyo nimepotelea."

"Hukuniambia habari ya Khartoum."

"Ningekuambia ungeogopa bure."

"Ningeogopa, ningesema!" Sauti yake ilipasuka, na Bisharo aliyekuwa amesimama kwenye kona kuwalinda akageuka. "Ningejua uko mbali, ningefungua mdomo! Aabo aliniuliza. Aliniuliza mbele ya watu, na mimi nimekaa pale nasikiliza magari! Kwa sababu wewe ulisema nyamaza!"

Jirma alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Habsa aliliona jambo lile likimwingia machoni na kushuka taratibu, na alitamani kumshika mikono, na hakuweza, kwa kuwa tangu adhuhuri mikono yake ilikuwa mali ya mtu mwingine.

"Nilikuambia unyamaze," alisema Jirma polepole. "Mimi. Ya Rabbi. Mimi mwenyewe."

"Hata mimi nilisahau."

"Twende kwa kadhi." Alisimama ghafla. "Sasa hivi, kabla ya magharibi. Umwambie hukukubali. Ni haki yako."

"Ataniuliza, ulikataa? Nitasema nini? Sikukataa. Ulilia? Sikulia. Ulitoka nje? Nilikaa. Kwa nini ulinyamaza? Hapo nitasema nini, Jirma? Nilipigiwa simu na kijana? Na mama yangu ataingia sokoni na uso gani? Na Bisharo atabaki na kazi?"

"Mimi Bisharo niache," alisema Bisharo kutoka kwenye kona. "Kazi ni kazi tu."

"Bisharo amesema sawa," alisema mtu mwingine.

Mzee Dualeh alikuwa ametokea upande wa pili wa lori, kanzu yake ya msikitini bado mwilini. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani. Habsa alivuta shela usoni. Jirma alijinyoosha, wala hakurudi nyuma.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam, Jirma wa Roba." Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Umetoka London?"

"Ndiyo, Mzee."

"Masomo imeisha?"

"Haijaisha. Nimeiacha. Hawatanirudisha tena."

Mzee Dualeh alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuiona kubwa. Kisha akamgeukia binti yake, na alipozungumza hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nilijua habari yenu," alisema. "Isiolo ni mji mdogo, na mtu hawezi kununua kiberiti namna hiyo. Nilijua. Sikupenda. Mpaka sasa sipendi. Lakini kwa nini nilikuuliza mara tatu, Habsa? Watu huuliza mara moja, wanapiga vigelegele, wanaenda kula. Kaka yangu alinigusa mguu pale mkekani, ati nimalize. Nikauliza tena. Nilikuwa nangoja useme. Ungesema Jirma, ningekasirika siku mbili, tatu, halafu ningekubali shingo upande. Ungelia tu, ningejua. Ungetikisa kichwa hivi tu, mama. Hivi tu."

Habsa aliegemea lori. Maisha yake yote alikuwa amemwogopa mtu huyu kwenye jambo moja, na kwenye jambo hilo hilo mtu huyu alikuwa amemfungulia mlango mara tatu.

"Nani alikufunga mdomo?" aliuliza Mzee.

Habsa aliyatazama matope yaliyokauka kwenye zile tairi.

"Ni mimi, Mzee," alisema Jirma. "Nilimpigia simu. Nilimwambia asiseme kitu mpaka nifike. Niliona ni karibu. Niliona ni saa nane."

Mzee Dualeh alikuwa amewatuma madereva kwenye barabara za Moyale maisha yake yote, na hajawahi kumwambia mke wa dereva hata mmoja saa ambayo mume wake atafika. Alimtazama kijana huyu msomi. Mwishowe alisema tu, "Aa, mtoto wa Roba," kwa sauti ya mtu anayempa mwenziwe pole ya msiba.

"Mzee, hakuna njia?" Jirma alisema. Alikuwa akilia waziwazi sasa, kijana mkubwa vile, bila kujipangusa. "Nakuomba. Uliza tena. Nipe nafasi nije na wazee wangu, hata kesho. Huyo Hersi hajamwona. Anaweza kumwacha, haina shida kwake."

"Leo nimetoa mkono wangu msikitini, mbele ya Mungu na mbele ya mji," alisema Mzee Dualeh. "Sina mkono mwingine wa kutoa."

Alitembea mpaka kwenye lori lake jipya, akafungua mlango, akakaa kwenye kibao cha kupandia, akiwapa mgongo.

"Muagane," alisema bila kugeuka. "Mpaka adhana ya magharibi. Bisharo, kaa hapo hapo."

Walisimama. Habsa alimtazama macho, mashavu yaliyoingia ndani, kovu dogo la kidevuni alilolipata kisimani utotoni. Aliyatazama yote kama mtu anayefunga mizigo na kujua kwamba gari halitangoja.

"Utaenda wapi?" aliuliza mwishowe.

"Sericho. Kwa ngamia."

"Ni mbali."

"Mvua ikinyesha, kwa lori, ni mbali kuliko London." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Kisha akapangusa uso kwa mkono wa koti, na akaanza kuzungumza haraka, kwa sauti ya chini, kama kaka anayemwelekeza mdogo wake. "Sikiliza. Ndege ikipaa, masikio yataziba. Usiogope. Meza mate, yatafunguka. Usikae karibu na mlango, kuna baridi. Vaa sweta mbili. Ukiona chini nyeupe, ni mawingu, si maji. Chakula wataleta kwa sahani ndogo, uliza kwanza kama ni nguruwe. Ukishuka, kuna njia ndefu ndani ya nyumba, watu wanatembea haraka sana, wewe fuata tu. Hapo nje, upande wa kushoto, kuna mahali ya kungoja basi. Mimi hapo ndipo..."

Habsa aliona ile sehemu, ingawa hakuwahi kuiona: Jirma ameshuka pale na begi lake Jumatano jioni, akija kwake.

"Ndege itachukua muda gani?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Ile yako itaenda moja kwa moja," alisema Jirma. "Saa nane."

Basi pale ndipo neno ambalo Habsa alikuwa amelifungia mdomoni tangu Alhamisi lilipoachia. Halikutoka kwa kilio.

"Sitaki," alisema.

Jirma alifumba macho. Bisharo alijiziba mdomo kwa ncha ya shela.

"Sitaki," Habsa alisema tena, na sasa alikuwa amegeuka, akilielekea lori, na sauti yake ilikuwa kubwa na nyoofu, sauti ambayo hajawahi kuitumia nyumbani kwao. "Aabo, sitaki. Simtaki Hersi. Namtaka huyu."

Mgongo wa Mzee Dualeh ulibaki pale pale. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imening'inia kati ya magoti. Kutoka msikitini kipaza sauti kilikwaruza, muadhini akakohoa ili aanze.

"Nimesikia, mama," alisema baba yake, akiwa bado hajageuka. "Lakini mimi nilikuwa nasikiliza jana."

Kisha akainuka kwa kujishika mlango wa lori, akaenda bombani kutawadha.